Baba Chini ya Kombe

Binti aliyechota maji ya bahari ya kujazia matangi ya kituo cha utafiti alikuwa ameishia darasa la saba, lakini macho yake hayakujua likizo. Miezi minane, kila maji yalipokupwa, alichuchumaa kwenye vidimbwi vya mwambani akimtazama samaki asiyefika nusu ya kidole. Yote aliyaandika daftarini: jike hutaga mayai kwenye dari ya kombe tupu la chaza, kisha huyoo, anakwenda zake, dume ndiye anayebaki akiyapepea kwa mapezi, usiku na mchana.

Daktari, mtafiti mkuu wa kituo, aliliazima daftari lile. Likazaa makala yenye jina la Daktari peke yake.

"Mdogo wangu," Daktari alimjibu binti alipouliza, "wewe ni wa ndoo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

"Sawa, Daktari." Akainua ndoo, na jioni akaanza daftari jingine. 

Siku chache kabla ya ugeni mkubwa wa kuja kuona samaki hao, Daktari alimkuta dume aliyefugwa tangini akila yai. "Baba gani huyu? Mlafi anakula wanawe!" Akamtoa kwa kichujio. "Kwani daftari lako lilisemaje?"

Daftari aliloazima halikufika huko. Lililofuata lilifika: dume hula yai lililoshika ukungu tu, lisije likaozesha mengine. Neno moja lingetosha.

"Mimi ni wa ndoo, Daktari," binti akasema, akaendelea kupiga deki.

Kisha akaenda mwambani, akaleta kombe jingine na dume wake, akaliweka kwenye beseni stoo.

Wageni walipofika, mayai ya Daktari yalikuwa yameota utando mweupe kama pamba. Kiongozi wao, mama mwenye miwani mizito, akainama. "Mlinzi wake yuko wapi?"

"Nilimtoa. Alikuwa anayala."

"Yapi?"



"Yaliyooza, mama," alijibu binti kutoka mlangoni, beseni mikononi. Ndani, kila yai lilikuwa na vinukta viwili vyeusi vya macho, na dume akipepea bila kuchoka. Yai moja likapasuka, kitoto kikachomoka. Kisha kingine.

"Nani kakufundisha?"

"Huyu hapa," akamwonyesha dume, kisha akalitoa daftari la pili. Mama yule akavuta kiti, akaanza kusoma.

Daktari alimsogelea binti, jasho likimtoka. "Si ungeniambia, dada yangu?"

"Uliazima moja tu." Akamsogezea ndoo kwa mguu. "Tangi lako linanuka, Daktari."