Mtoto wa Dokta Wankyo

Yunis Burito alikuwa na siri moja tu, na hata hiyo kijijini kwao Butiama haikuwa siri. Butiama kila mtu aliijua, hadi wauza karanga. Ni huku Musoma, alikopanga chumba na sebule Nyakato na kufundisha kemia sekondari, ndiko alikokosa mtu wa kumwambia. Majirani alikuwa nao, tena wazuri. Salamu asubuhi, salamu jioni, basi. Anapika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Siri yenyewe ni hii. Dokta Wankyo Burito, yule mama msomi wa masuala ya jinsia aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam miaka na miaka, alikuwa mzazi wake. Hakumzaa. Alimwoa mama yake. Msishtuke, jamani, watu wa Mara hawashtuki. Nyumba ntobhu ni jambo la tangu enzi: mwanamke ambaye mji wake hauna mrithi anatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa na mke huyo ni wa nyumba yake na wanabeba jina lake. Mambo ya chumbani hayamo. Mwanamume wa kuzaa naye hutafutwa pembeni, na kwa watoto hana lake. Dokta alikuwa binti pekee wa mama yake, mji ulikuwa unaelekea kufungwa, bibi kizee akalia wee, mpaka msomi wetu akatoa ng'ombe akamwoa Consolata. Ndipo akazaliwa Yunis.

Sasa hebu fikiria. Jina la Dokta lilikua kwa kitabu alichoandika juu ya hizo hizo nyumba ntobhu, akionyesha ni wapi zinamwinua mwanamke na ni wapi zinamwumiza. Angeanzia wapi kuwaambia wenzake chuoni kwamba na yeye ana mke kijijini? Hakuwaambia. Likizo alikuja Butiama na mikate na viatu vya shule, akamsuka Yunis nywele, akamkagua madaftari, Yunis akimwita Mama Mkubwa. Likizo ikiisha alirudi Dar, na huko Dar Yunis hakuwepo duniani. "Nikistaafu nitasema," alimwahidi. Akastaafu. Akaugua. Hakusema.

Siku ya mazishi watu wa chuo walijaza mabasi. Yunis ndiye aliyekuwa anagawa chakula. Mmoja wao akamwambia, "Dada, niongezee mchuzi," akamwongezea. Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu: hakuolewa, hakujaliwa mtoto, watoto wake walikuwa wanafunzi wake. Wanakijiji wakatazamana. Consolata akainamisha kichwa. Hakuna aliyesimama kusema neno, maana marehemu mwenyewe alikuwa ameomba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Yunis alisimama pale na sufuria yake, na hasira ya siku ile hajaimaliza mpaka leo.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Bunda kuna kikundi cha kujitolea kinachoandika habari za wanawake wasomi wa masuala ya jinsia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, hakuuliza mara mbili. Kiongozi wao alikuwa Judith Mseti, mama wa makamo, mtumishi wa halmashauri, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Walikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. "Humo ndani wanaume wamejaa pomoni," Judith alikuwa akiwaambia. "Mpaka mchezaji aliyekaa benchi msimu mzima ana ukurasa wake! Lakini mama aliyefundisha nusu ya walimu wa nchi hii hana hata mstari. Ni haki hiyo?"

Yunis alidhani atapata watu wa kuzungumza nao. Wapi! Kila mmoja na kompyuta yake, macho kwenye kioo, ukumbi mzima kimya. Hata hivyo alirudi kila Jumamosi. Judith alipouliza nani atamchukua Dokta Wankyo Burito, mkono wa Yunis ulikuwa juu kabla jina halijamalizika kutamkwa.

"Burito na Burito," Judith akacheka. "Isije ikawa ni ukoo mmoja."

"Majina ya huku yanafanana," Yunis akajibu, akajishangaa ulimi wake ulivyokuwa mwepesi.

Akaandika. Aliandika vizuri, tena kwa mapenzi: masomo, kitabu, hoja zake, waliompinga na alivyowajibu, kila kitu na chanzo chake. Lakini tusidanganyane, yote hayo alikuwa anatengeneza njia ya sentensi moja. Mwishowe akaiandika: "Aliacha binti mmoja, Yunis, kutoka kwa mke wake Consolata." Akaichapisha, akaenda kulala amefurahi.

Kesho yake haikuwepo. Judith, ambaye alikuwa akipitia kazi za wote, alikuwa ameifuta na kuacha ujumbe wa upole: "Hii haina chanzo, mwalimu. Kumbukumbu iliyochapishwa na chuo inasema vingine, nimeweka hiyo." Na kweli aliiweka. Katikati ya kazi ya Yunis mwenyewe sasa ilisomeka: "Hakuolewa wala hakuacha mtoto." Na kinamba cha chanzo juu yake. Loo! Yale maneno ya mazishini yalisikiwa na watu wa uwanja mmoja tu. Haya yangesomwa na dunia nzima, na ukurasa aliuandaa yeye.

Mwisho wa wiki alikwenda Butiama kwa mama yake.

"Mama, kuna kitu chochote kilichochapishwa? Gazeti, kitabu, chochote kinachosema alikuoa?"

Consolata alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha. "Ng'ombe wangu waliswagwa mchana kweupe, kijiji kizima kikiangalia. Wazee walikunywa, wanawake walipiga vigelegele. Hao si mashahidi?"

"Hao hawajachapishwa."

"Makubwa haya! Kwa hiyo mtu mpaka achapwe kwenye karatasi ndiyo awe ameolewa?" Akacheka, kisha akaona uso wa bintiye, akaacha kucheka. "Kwani kwenye kile kitabu chake hatumo? Alikuwaga anakaa hapa mlangoni anaandika sisi tukipika. Aliniambia ametuweka."

Walikuwemo. Yunis alikuwa amekisoma kitabu kile mpaka kikaachana kurasa. Ndani yake mlikuwa na nyumba moja ambayo mwandishi aliibadilisha jina, akasema wenyeji wake walimpokea kwa ukarimu, na kwamba mtoto wa nyumba hiyo alikuwa mchangamfu na mwepesi wa hesabu.

"Si ndiyo hiyo?" Consolata akasema. "Amekuandika."

"Ameniandika kama mtoto wa watu, Mama."

Ungo ukatulia. "Alikupenda, Yunis. Alikuwa anaogopa tu. Watu wa kule wangemcheka. Sisi hapa tunajua, haitoshi?"

"Ninyi mko hapa mnajuana. Mimi naishi na watu wasiojua. Nikifa kesho watasema sikuwa na mzazi." Na hapo akalia, mwalimu mzima, mbele ya mama yake. Consolata alimshika mkono.

Aliporudi Nyakato akafungua ukurasa, akaifuta ile sentensi ya kutoacha mtoto. Judith akairudisha. Akaifuta tena. Simu ikaita.

"Mwalimu, nakuuliza kama mdogo wangu," sauti ya Judith ilikuwa chini, jambo ambalo si kawaida yake. "Wewe na Dokta Wankyo mna undugu?"

Yunis akainuka, akafunga mlango.

"Nisikilize kwanza ndipo ujibu. Kwetu kwenye kamusi mtu hamwandiki wa kwao. Kama ni ndugu, unajitangaza, na kuanzia hapo huugusi tena ukurasa huo. Na ile sentensi itabaki, maana siwezi kufuta kitu chenye chanzo kwa ombi la mtu wa familia. Lakini kama si ndugu, basi ni ubishi wa waandishi tu, na mimi sioni umuhimu wa sentensi yenyewe. Naifuta, wewe unaendelea na kazi yako nzuri, yamekwisha. Kwa hiyo?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, hapana, na ule uongo ungeondoka, ukurasa ungebaki wake, na Jumamosi angerudi kukaa na watu. Yunis alifungua mdomo aseme hapana, na akamwona Mama Mkubwa ofisini kwake Dar, mtu amemuuliza una watoto, Dokta? Miaka yote ile alikuwa akifungua mdomo hivi hivi. Kwa mara ya kwanza Yunis akamwonea huruma. Akaona jinsi lilivyo jepesi kutoka, hilo neno.

"Ni mama yangu," akasema.

"Yunis jamani," Judith akasema. "Unajua nitalazimika."

"Najua, dada. Lazimika."

Akajitangaza siku hiyo hiyo, kwenye ukurasa wa majadiliano unaokaa nyuma ya makala, ambao wasomaji wa kawaida huwa hawaufungui. Jumamosi hakwenda Bunda. Alifua, akasahihisha mitihani, akapika akala peke yake. Mchana, mlango ukiwa wazi na watoto wa jirani wakipiga kelele uani, akafungua kompyuta.

Makala ilikuwa vile vile: hakuolewa wala hakuacha mtoto. Ndivyo itakavyosomeka, na hana ruhusa ya kugusa hata nukta. Akabonyeza kwenda nyuma, kwenye majadiliano. Judith alikuwa amekwisha kuweka onyo lake juu kabisa, ndani ya kisanduku cha njano.

"Tahadhari kwa wahariri. Yunis Burito ni binti wa Dokta Wankyo Burito. Kwa sababu hiyo haruhusiwi kuhariri ukurasa huu."

Akalisoma. Akalisoma tena kwa sauti, peke yake sebuleni, mpaka machozi yakamzuia kuona herufi. Hapakuwa na kinamba cha chanzo, na hakuna aliyekidai.