Swala ya Jeneza Gudini

Kwa jina la Mola aliyempandisha Nuhu juu ya mbao na misumari, naanza. Wahusika ni ndugu wawili, Mokles mchomeleaji na Ruhul mgonga kutu. Na juu yao Torab, msimamizi, yaani sardari, wa gudi moja la kuundia meli ukingoni mwa mto Buriganga.

Kabla tangi la chini ya meli halijazibwa, Torab huita majina mara tatu tunduni. Asiyeitika huhesabiwa ametoka. Siku ile aliita. Ruhul, aliyekuwa bado ndani na ambaye miaka tisa ya nyundo ilikwisha kumla masikio, hakuitika. Bamba likachomelewa, na mkono uliochomelea ulikuwa wa Mokles.

Siku ya tatu, saa ya chakula, Ruhul alipenya ubavu wa chuma kama apitaye pazia, kucha zote zimeng'oka. Akala wali na dengu, akarejea ndani, kwa kuwa zamu haijaisha. Wenzake walimsogezea chumvi.

Mokles akaomba tangi likatwe amzike nduguye. Akajibiwa kwamba mto umejaa, na meli itashushwa Ijumaa. Ndipo alipowasha moto wa kukatia.

"Zima hiyo, bwana mdogo," alisema Torab. "Mwenyewe mbona halalamiki?"

"Sardari, mimi ndiye niliyemfungia."

"Basi ulifunga vizuri. Halivuji hata tone."

Wanaume wanne wa Torab wakamlaza Mokles, wakamponda mkono wa kulia kwa nyundo, kidole baada ya kidole, kisha wakamfunga kitambaa safi.

Ijumaa, Imamu Ismat alipanga safu mbele ya meli, akaiswalia yote swala ya jeneza. Ruhul alisimama safu ya tatu kando ya kaka yake, akageuza uso wenzake walipogeuza, akarejea ndani ya chuma. Torab alidhani ni dua ya kushusha chombo; akagawa vitamutamu vya jalebi.

Waliokuwa safuni wakashika kamba. Moja ilikatika, ikawafyeka wawili miguu. Wengine wakaendelea kuvuta. Mokles alivuta kwa mkono wa kushoto, maana jeneza huchukuliwa na ndugu wa marehemu. Meli ikaingia mtoni, ikaelea sawasawa.

Jumamosi, kwa kuwa hakuweza tena kuchomelea, Mokles alikabidhiwa nyundo ya kutu na kuoneshwa tangi lake katika meli iliyofuata. Akapiga bismillahi, akashuka.

Ewe Mola, waliotangulia umewapokea. Hawa waliobaki wahifadhi, na uwape wa kuwashika mkono pale sauti isipofika. Amina.