Mluzi wa Mulenga

Mwizi wa kuku angalau hujificha. Symphorien hakujificha. Alikuwa amekaa mchana kweupe kwenye kiti cha kukunja, nyuma ya kichuguu, hatua mia mbili kutoka barabara ya Kasenga, na mashine ya kunasa sauti magotini. Ndani ya mashine ile mjomba wake, Mulenga, alikuwa anapiga mluzi.

Mulenga mwenyewe alikuwa anapita na ndoo na shoka. Alijisikia kabla hajaona mtu. Mluzi ule ulikuwa wake: mmoja mrefu, mitatu mifupi, halafu ulimi unagongwa mara mbili. Aliachiwa na mjomba wake, naye aliachiwa na mjomba wake, na Lubumbashi nzima hapakuwa na mwingine aliyeujua. Ndege wa asali wakiusikia huja, wakamtangulia mti kwa mti wakipiga kelele mpaka penye nyuki. Mulenga hutoa asali na kuwaachia sega moja juu ya jani. Hakuwanyima sega hilo mwaka wowote, hata huo wa 1961, vita vilipokuwa vimepita uwanja wa ndege wa Luano na watu wa mtaa wa Katuba wakila bukari, ugali wao, bila mboga.

Kisha akaona. Ndege mdogo wa kijivu alikuja mbio, akatua juu ya mashine na kuanza kelele zake za furaha, twende, twende. Mzungu aliyesimama nyuma ya mti akafyatua bunduki. Ndege alianguka miguuni pa Symphorien na mashine ikaendelea kuita. Pembeni, juu ya gazeti, walikuwa wamelazwa wengine sita, pamba machoni, kikaratasi kimefungwa mguuni.

Mulenga alielewa yote mara moja. Mwezi wa sita Symphorien, fundi wa redio, mtoto wa dada yake Albertine, alimletea mashine ile nyumbani. "Yama," alimwambia, maana ndivyo Wabemba wanavyomwita mjomba, "tuchunge sauti yako. Vita inaweza kukukamata." Kwao mwipwa, mtoto wa dada, ndiye mrithi, amfiche kwa nini? Alipiga mluzi mara tano, akajisikia, akacheka, na mkewe Honorine akacheka naye. Alidhani anarithisha.

"Zima," alisema sasa.

Symphorien alizima. Alikuwa na aibu kidogo, lakini kidogo tu.

"Yama, usikasirike. Njo siyansi. Monsieur Hendrickx anatumaka bandege ku musée, nyumba ya kuchunga bitu, kule Bulaya. Bataandika na jina yako."

"Jina yangu ku mguu ya maiti?"

"Iko heshima, yama."

"Ulisema unachunga sauti."

"Si nimechunga? Inapita hata ile ya kinywa yako."

Mzungu alitabasamu na kumnyooshea pakiti ya sigara. Mulenga hakuitazama.

"Na wewe unabaitaka," Symphorien akasema, naye sasa amepandwa na hasira. "Unabaita, banakutumikia, unabapa sega moja. Tofauti iko wapi? Bantu banakufa ku Luano, wewe unalilia bandege."

"Mi nikimuita, naenda naye. Tunatembea, tunachoka, tunakula bote. Ile mashine haichokake. Haina sega. Inasema kuya, njoo, akikuya anakufa. Na ni mi nimesema kuya."

"Mi ni mwipwa wako. Ile sauti iko yangu."

"Siku nitakufa. Mi sijakufa."

Akainua shoka. Angeipasua mashine ile, nami, ningekuwapo, ningemshikia ndoo.

"Pasua," Symphorien akasema. "Iko bande ingine tatu za ile sauti mu nyumba ya Monsieur."

Mulenga akashusha shoka. Hasira isiyo na pa kupiga humla mwenyewe. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wangefika barabara ya Kasenga siku ile, wangeyameza maneno yao. Mla naye alikufa kwa kumwamini, na mzaliwa naye ndiye aliyeshika mashine.

Kesho yake alirudi porini bila ndoo. Mfukoni alijaza mabonge ya udongo wa kichuguu. Alipiga mluzi kwa kinywa chake, ndege akaja, Mulenga akamtupia bonge. Siku tano alifanya hivyo, anaita na kupiga, anaita na kupiga, huku akitukana, na hakuwa anawatukana wao. Mmoja alikuwa jike mwenye mguu uliopinda, aliyemwongoza miaka minne. Bonge la kwanza lilipompita, alihama tawi moja tu na kuendelea kumwita, kama mtu anayedhani ndugu yake amekosea. Mulenga alilia. Akachukua bonge kubwa zaidi, akalenga vizuri, akampata bawani.

Siku ya sita Symphorien na Mzungu wake walirudi. Mulenga alikaa mbali akisikiliza. Mashine iliita asubuhi nzima, na iliita vizuri, hilo ndilo lililomuuma. Jike wa mguu uliopinda alikuja mara moja. Alitua juu kabisa, mbali na bunduki, akakaa kimya, kisha akarudi alikotoka.

Symphorien alimfuata mjomba wake njiani.

"Yama, umefanya nini? Sasa hata wewe habatakukuyia tena."

"Najua."

"Na asali?"

"Ulitaka sauti," Mulenga akasema bila kusimama. "Ikamate. Iko yako yote."

Nyumbani aliosha ndoo, akaifudikiza chini ukutani. Tangu siku ile, hata mbwa wake alimwita kwa kupiga makofi.