Mvumo Ndani ya Chumba cha Masikio

Gari la shule ya viziwi lilikuwa limeshaingia uani, na Bi Sikio alihofia kwamba limekuja kumchukua mtoto asiyepaswa kuchukuliwa. 

Bi Sikio ni jina alilobandikwa na wenzake hospitalini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima masikio. Mgonjwa huingia katika chumba kidogo kilichozibwa sauti, kuta zake nene kama godoro, akavaa hedifoni. Mpimaji hubaki nje mezani, akichagua milio kwenye mashine. Ukisikia mlio, unabonyeza kitufe. Usiposikia, kadi yako inaandikwa hivyo. Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuibishia kadi yake.

Mpaka wiki hii. Jumatatu mlinzi mmoja wa benki alitoka chumbani akijikuna sikio.

"Dada, mashine yako inaguna kama mzee aliyenyimwa chai."

"Yanayoguna ni masikio yako, kaka," akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

Jumatano akaja bibi wa mtoto aliyeandikiwa kwenda shule ya viziwi. Huyo hakuchekeka.

"Mjukuu wangu si msemaji, sikatai," alisema. "Baba yake naye alikuwa hivyohivyo, neno moja asubuhi, la pili jioni. Lakini kusikia, anasikia! Nikimenya karanga chumbani, yeye yuko nje anacheza, utamwona huyo anakuja, kiganja mbele."

"Bibi, mashine haina undugu na mtu."

Jibu hilo lilimfurahisha mwenyewe kwa saa nzima. Kisha likaanza kumwasha, kwa sababu mashine ile undugu ilikuwa nao.

Miezi mitatu nyuma, kisanduku chake cha umeme, kile kinachokaa kati ya mashine na soketi ya ukutani, kiliungua. Kuagiza kingine kupitia ofisini kungekula nusu mwaka, na watoto walikuwa wamejaa hadi getini. Akaenda kimyakimya kwa mjomba wake, fundi redio. Mjomba akamuungia kisanduku kutoka kwenye vipande vya vyombo vibovu.

"Volti ni zilezile, mpwa wangu. Ila vichujio vya maana sina. Umeme wenu ukiwa safi, hakuna neno."

Hakumwambia mtu. Kila siku saa moja asubuhi alivaa hedifoni za akiba palepale mezani, akasikiliza, akaandika daftarini: Safi.

Jana alipompigia simu, mjomba aliuliza swali moja tu. "Kuna mtambo wowote mpya hapo kwenu?"

Ulikuwepo. Pampu mpya ya maji, ya kisasa, inayoongeza na kupunguza mwendo yenyewe, na huwashwa saa tatu.

"Basi ndiyo hiyo," mjomba akasema. "Mitambo hiyo haili umeme kistaarabu. Inadonoa kama kuku, na kila ikidonoa, nyaya za jengo zima zinatikisika. Kisanduku changu hakiwezi kuzuia uchafu huo. Isikilize mashine yako wakati pampu iko kazini. Na ukae penye kimya, si hapo sokoni kwenu."

Tangu pampu ianze kazi, alikuwa ametia saini kadi za watoto arobaini na wawili.

Sasa ilikuwa saa nne. Barua ya kumpeleka mtoto shuleni ilikuwa mezani, na muhuri juu yake. Bi Sikio akaingia chumbani, akauvuta mlango, ukajifunga kwa ule mfyonzo wake, fup. Akavaa hedifoni. Mashine ilikuwa imewashwa ila hapakuwa na mlio uliochaguliwa. Palitakiwa kuwa na kimya cha kaburi.

Palikuwa na mvumo. Si mkubwa, wa chini, wenye ukali kidogo kwa juu, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Mtu mzima angelalamika, akatania, akaendelea. Mtoto wa miaka sita angefanya nini? Milio hafifu ilizama humo ndani, naye akasubiri mlio usiofika, kidole juu ya kitufe, hadi kadi ikaandikwa.

Akavua hedifoni, akapeleka mkono kwenye kitasa.

Kitasa cha ndani hakikuwepo. Kilikatika mwezi uliopita, naye hakujali. Wagonjwa hufunguliwa na aliye nje, na siku zote aliye nje alikuwa yeye.

Mlangoni kulikuwa na dirisha dogo la vioo viwili. Kupitia hapo aliiona meza yake, na zaidi ya meza, benchi la ukumbini. Bibi alikuwa ameketi, sanduku la nguo mapajani, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Mtoto alikuwa kando yake akibembeza miguu. Daktari Mkuu akaingia, akaichukua barua.

Bi Sikio akapunga mikono yote miwili. Daktari akamwona. Akatabasamu, akainua dole gumba, akatoka. Alidhani Bi Sikio anajipima.

Akapiga kelele. Kuta zilizibugia kelele zake kabla hazijamtoka vizuri mdomoni. Chumba hicho alikuwa akikisifia kwa wageni: humu hata ukichinjwa, jirani hajui. Hewa ilianza kuwa nzito, jasho likamshuka mgongoni. Akavua kiatu, akaupiga mlango kwa kisigino chake, kwa nguvu zote.

Daktari hakugeuka. Ukumbini feni ilikuwa ikikwaruza, vitoroli vikipita, dereva wa shule akiuliza barua iko wapi. Bibi naye hakugeuka. Masikio yake yalikuwa na umri wake.

Mtoto aligeuka.

Bi Sikio akatulia, kiatu hewani. Kazi ni kazi hata mtu akiwa mtegoni. Akangoja mtoto ainamie miguu yake, akapiga kidogo. Mtoto akageuka. Akangoja tena, akapunguza zaidi. Akageuka. Akagusa tu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Hapo mtoto hakugeuka. Akaongeza kidogo. Akageuka, safari hii akikunja uso, kama kuuliza: unataka nini sasa?

Mtoto akamvuta bibi yake nguo na kuonyesha kidole chumbani. Bibi akakipiga kidole. Daktari alikuwa ameshamkabidhi dereva barua, na dereva akalishika sanduku.

Bi Sikio akapiga mara tatu, polepole. Mtoto akashuka benchini, akapita chini ya mkono wa dereva, akaja mlangoni. Akaning'inia kwenye kitasa cha nje kwa mikono miwili. Mlango ukafyonza, ukafunguka, na zogo la ukumbini likaingia kama maji.

"Ulikuwa unacheza ngoma?" Daktari aliuliza, alipomwona na kiatu mkononi.

"Huyu haendi. Anasikia."

"Barua umeiandika wewe."

"Ndiyo. Si ya kweli."

"Na daftari la leo asubuhi? Umeandika safi."

"Saa moja ni safi. Saa nne si safi." Akachomoa kisanduku ukutani, bado cha moto, akakiweka mezani. "Hiki si cha hospitali. Nilikileta mimi. Kinapitisha uchafu wa pampu hadi masikioni mwa watoto."

Daktari akausukuma mlango wa ofisi nusu, akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Huyu mrudishe nyumbani, tuseme tulikosea herufi. Yaishe. Ukifungua hilo la kisanduku, hutakanyaga tena hapa. Sikio halipiti kichwa."

Maneno hayo yalikuwa mlango wa kutokea, nao uliachwa wazi kabisa. Bi Sikio akautazama.

"Watoto ni arobaini na wawili, Daktari. Wenye kuihitaji ile shule wamo, nao ni haki yao. Ila sijui ni akina nani."

"Niliwaambia mimi!" Bibi alimaka kutoka ukumbini. "Karanga!"

Uani injini iliwaka. Dereva alikuwa amechoka kungoja, akarudi garini, na nyuma ya gari walikuwa watoto wengine wawili. Kadi zao Bi Sikio alizikumbuka vizuri. Akakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasimama mbele ya boneti.

"Dada, ondoka njiani!"

"Zima gari, kaka."

"Kwa amri ya nani?"

"Amri sina. Nilikosea."

Dereva akamtazama, akaitazama saa, akazima. Watoto wote wawili wakainua vichwa. Moyo wa Bi Sikio ukaruka, kisha ukarudi mahali pake: hata kiziwi huhisi injini ikikoma, kupitia kiti. Hilo halikumwambia kitu.

Akafungua mlango wa nyuma. Mtoto aliyekuwa karibu akakumbatia kifurushi chake, akasogea hadi kwenye kioo cha upande wa pili, akimkodolea macho mpimaji wake, ambaye aliinua kiatu ili awapime upya na hakujua aanzie wapi.