Mwamba wa Uani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe alipochoka kumwona mwanawe wa mwisho amelala kochini tangu asubuhi akicheza gemu, alimkabidhi sururu na koleo, akamwambia akachimbe shimo la choo kipya nyuma ya nyumba. Kijana mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Rimoti, alichimba siku tatu huku akiguna kama anayezaa. Siku ya nne sururu iligonga kitu kigumu, ikamrudia mikononi. Akatoka, akanawa miguu, akarudi kochini.

"Nimefika mwamba," alitangaza. "Kazi imekwisha."

"Imekwisha vipi? Shimo lenyewe hata kuku haogopi kutumbukia!"

"Mama, ule ndio mwamba wa mwisho. Kwenye gemu ukishaufikia, hata uje na sururu ya almasi hauvunjiki. Na chini yake hakuna kitu. Utupu. Ukidondoka huko umekwisha."

Mama mkwe hakubishana naye. Alimpigia simu mke wa mwanawe mkubwa, mjiolojia aliyekuwa akipima ardhi kabla ya maghorofa kujengwa. Kazini walimwita Mama Kokoto. Jumamosi akafika na buti zake, nyundo kiunoni, lenzi shingoni.

"Shemeji, gemu limekudanganya," alimwambia Rimoti hata kabla ya kukaa. "Mwamba ni jiwe lililo mahali pake, limeshikana na dunia, udongo umelala juu yake kama godoro. Mwingine uko chini mita hamsini, mwingine umejitokeza nje unapigwa jua. Mwingine laini, unaukwangua kwa kucha. Na sisi tunautoboa kila siku."

Akashuka shimoni. Akafuta tope kwa kiganja, akainama na lenzi yake kwa heshima.

"Konglomerati," alisema hatimaye. "Kokoto za mto zilizogandishwa pamoja na mchanga. Safi sana hii. Miaka milioni mia mbili, haipungui."

Mama mkwe, ambaye hajawahi kumiliki kitu cha zamani kiasi hicho, alijikuta amesimama wima.

"Lakini inavunjika?"

"Hakuna jiwe lisilovunjika, mama. Nipeni nyundo kubwa."

Pigo la kwanza lilitoa mlio kama wa ngoma. "Kuna ufa chini," alieleza mtaalamu. La pili likalia zaidi. La tatu, ule mwamba ukafunguka, mguu wake ukazama hadi pajani, na harufu ikapanda kuwasalimia wote bila ubaguzi.

"Si nilikwambia chini ni utupu?" Rimoti alisema, ameziba pua.

"Si utupu!" Mama Kokoto alipiga kelele. "Kuna kitu! Tena kingi! Nivute, mjinga wewe!"

Jirani yao, fundi cherehani, alichungulia juu ya ukuta, sindano bado iko mdomoni. Akaitoa.

"Nani anavunja tangi langu la choo lililopita chini ya ukuta? Zege hilo alilimwaga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Kokoto alizifuata mwenyewe mtoni!"

"Angalau mto nilipatia," alinong'ona Mama Kokoto.

Mama mkwe alimgeukia mkwewe. "Marehemu nilimfahamu," alisema. "Hakuwa na umri huo."

Basi ikabidi wamwage zege jipya, fundi cherehani akisimamia na kukosoa. Buti la kushoto halikuonekana tena. Baada ya hapo shemeji wawili hao walianza shimo lingine upande wa pili wa uwanja, wakipokezana sururu Jumamosi mbili mfululizo, wakitukanana na kucheka mpaka majirani wakadhani humo ndani kuna sherehe.

Kwenye mita mbili, sururu ikagonga. Wote wawili wakatazamana. Mama mkwe akaja, akachungulia.

"Mmefika wapi?"

Mama Kokoto akaficha lenzi, Rimoti akajifanya anapangusa sururu.

"Nauliza, mmegonga nini?"

"Jiwe, mama," walisema kwa pamoja.

"Jiwe gani?"

"Jiwe tu."