Lipu ya Clement

Tangu ukuta wa nyuma wa ghala ulipomwangukia Clement, hakuna mtu wa mtaa wa Stesheni aliyekanyaga mle ndani. Hakuna aliyewakataza. Mtaa ule una desturi yake: mahali palipoua hapaguswi mpaka wenye msiba wapafungue, na wa kufungua ni mjane. Ataingia yeye kwanza, atashika kile alichokuwa akikifanya marehemu, kisha atatoka na kusema neno. Akisema pajengwe, patajengwa. Akisema pabomolewe, patabomolewa, na hakuna wa kumuuliza sababu.

Rebeka alikuwa hajaenda. Mvua zilizomchukua mumewe zilikuwa zimekwisha, alizeti zilikuwa zimevunwa, upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza kupeperusha vumbi la reli, na yeye bado alizunguka njia ya mbali kwenda bombani ili asilione lile ghala. Watu walimwelewa. Lakini kuelewa nako kuna kikomo, hasa kwa watu ambao watoto wao wa chekechea wamerudi kusomea juani.

Ghala lenyewe halikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Lilijengwa na ushirika wa wafuga nyuki, enzi ambazo asali na nta ya Itigi vilingoja treni hapo. Kuta zake zilikuwa za tofali mbichi, nene hata mtoto angeweza kujilaza dirishani, juu ya msingi wa mawe, na bati lilitokeza mbele likatengeneza baraza pana. Ushirika ulipokufa, likaachiwa popo. Harufu ya nta ilibaki mle ndani miaka yote, na ukipita mchana wa jua kali ungedhani kuna mtu anachemsha masega.

Ndipo mtaa ulipokaa kikao na kusema ukweli wake. Mtu akifa wakati wa mvua, tunakaa matangani kwenye matope. Akina mama wanachuja asali katika vyumba wanavyolala. Watoto hawana darasa. Na ghala lipo pale, limekaa tu. Wakaligawa: upande wa relini chekechea, katikati akina mama na asali yao, nyuma ukumbi wa misiba na mikutano. Clement, ambaye kwa uashi hakuwa na mpinzani kuanzia stesheni mpaka mnadani, akasema kuta ataziremba yeye, bure.

Akaziremba. Alizipiga lipu ya saruji ndani na nje, toka chini mpaka kwenye bati, zikalainika hata mtu alitamani kuzipapasa. Alipomaliza alifanya kama alivyofanya kila nyumba: alibonyeza kiganja chake cha kulia kando ya mlango kabla lipu haijakauka. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika ncha, kwa hiyo mkono ule haukuweza kuwa wa mtu mwingine.

Mwaka ule mtaa wa Stesheni ulikuwa mtaa kweli. Majirani waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya mbuzi na mipaka walijikuta baraza moja wakingojea watoto, na mtu hawezi kununa kila siku huku mwanawe anacheza na wa adui yake. Bibi mmoja akafa katikati ya mvua, na kwa mara ya kwanza waombolezaji walilala pakavu. Halafu mvua za mwaka uliofuata zikaja, Clement akaenda kukaza fremu ya dirisha la nyuma, na ukuta ukamlalia.

Msiba wake ulikaliwa nje, chini ya turubai lililotoboka, ghala likiwatazama. Rebeka hakulisamehe kwa hilo. Alilichukia kama anavyochukiwa mtu, kwa jina.

Sasa mwenyekiti wa mtaa, mzee Idrissa, alikuwa ameitisha kikao kwa ajili ya neno lake. Sostenes, kaka mkubwa wa Clement, hakuficha lake. Alipita kwa Rebeka, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Shemeji, nyumba iliyomuua ndugu yangu isibaki hata tofali moja," alisema. "Sema neno, vijana wapo tayari."

Rebeka alikuwa tayari kulisema. Angelisema, kama asingekuja Loyce.

Loyce alizaliwa nyumba ya pili kutoka hapo, akasoma, akawa msanifu majengo Dodoma. Idrissa ndiye aliyemwita. Hakuingia ghalani, kwa sababu desturi aliijua. Alilizunguka tu kwa nje, akachuchumaa kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka, akavunja mabonge kwa vidole na kuyanusa. Kisha akaja jikoni kwa Rebeka, akakaa kwenye kigoda, na kwa muda mrefu akawa anaulizia afya za kuku.

"Loyce," Rebeka alisema, "hukutoka Dodoma kwa ajili ya kuku."

"Hapana, mama." Binti aliitazama mikono yake. "Ghala halina ubaya. Tunaweza kulisimamisha tena, na likadumu kuliko sisi sote. Kilichouangusha ule ukuta ni lipu."

Rebeka aliacha kuchochea moto.

"Tofali mbichi hunywa maji na kuyatoa," Loyce aliendelea polepole. "Zamani walipaka udongo na chokaa, ukuta ukawa unapumua. Saruji haipitishi. Maji yaliingia juu, bati lilipotoboka, yakashuka ndani ya ukuta yakakosa pa kutokea. Kwa nje unaona unang'aa. Ndani umeshakuwa uji."

"Unaniambia Clement alijiua."

"Sijasema hivyo, mama."

"Kikaoni utasema nini?"

"Usipotaka, sitasema kitu. Yule alikuwa fundi wetu, na mimi alinijengea hata chumba cha kusomea. Lakini nikinyamaza, siwezi kuwaambia watu wajenge tena. Watarudia lipu ileile, na safari hii mle ndani watakuwamo watoto. Itabidi niseme libomolewe."

Hapo Rebeka alielewa alichowekewa mkononi. Akitaka jina la mumewe libaki safi, ghala liondoke, na kiondoke nalo kila kitu Clement alichokitaka kwa mtaa ule. Akitaka ghala libaki, atasimama mbele ya watu na kusema kuwa fundi asiye na mpinzani alikosea, na kosa lake ndilo lililomfukia. Akamwomba Loyce aende. Hakumpa hata maji, jambo ambalo baadaye lilimuumiza.

Hasira ilimshika. Alijiuliza huyu mtoto wa juzi ni nani wa kumfundisha Clement ukuta. Nyumba yake mwenyewe, hii aliyokaa, ilikuwa ya tofali mbichi, na Clement aliipiga lipu ya saruji mapema kuliko nyumba zote za mtaa, ili mkewe asiitwe mwenye nyumba ya udongo. Mbona imesimama? Akaingia chumbani kwa kiburi hicho, akagonga ukuta wa kichwani pa kitanda kwa kifundo cha kidole. Ukalia vizuri. Akagonga chini zaidi, usawa wa godoro. Sauti ikabadilika, ikawa ya debe tupu. Akashuka mpaka karibu na sakafu, na pale hakugonga tena.

Alikaa kitandani akamfikiria Benjamin. Mwanawe alikuwa Sekenke, akiwajengea wachimbaji, na kazi alizipata kwa kuitwa mtoto wa fundi Clement. Ndiyo sababu jina lile halikuwa la marehemu peke yake. Lakini palepale akakumbuka picha aliyotumiwa kwenye simu baada ya mavuno: nyumba ndefu ya tofali mbichi, imepigwa lipu ya saruji, inang'aa, na kando ya mlango alama ya kiganja. Chini yake Benjamin alikuwa ameandika, kama alivyonifundisha baba.

Kikaoni watu walijaa barazani mwa ghala. Rebeka alipita katikati yao bila kusalimu, akaingia peke yake. Harufu ya nta ilikuwepo. Mwanga uliingia kwa upande ule usio na ukuta, na vumbi lilikuwa limefunika viti vidogo vya chekechea. Alishika fremu ya dirisha iliyobaki kifusini, ile aliyokufa nayo Clement, kwa kuwa ndivyo desturi inavyotaka. Kisha akaenda mlangoni na kuutazama mkono wa mumewe, na kile kidole kifupi, akalia kidogo, kilio cha mtu anayejua anasubiriwa. Akatoka.

"Ghala libaki," alisema. "Lakini kabla hamjashukuru, sikilizeni. Si ghala lililomuua. Ni lipu, na lipu aliipiga yeye. Loyce atawaeleza vizuri. Mimi nimegonga ukuta wa chumbani kwangu, na wangu pia umeoza."

Sostenes alisimama. "Shemeji, unamvua nguo marehemu mbele za watu."

"Namvua, shemeji. Benjamin anapiga lipu hiyohiyo Sekenke. Nimfunike baba mpaka nimzike mtoto?"

Halafu mama Stumai, mzee kuliko wote pale barazani, akaanza kuongea bila kuinuka kwenye mkeka.

"Saruji ile tuliichanga," alisema. "Kila nyumba. Mimi nililetewa mfuko na mkwe wangu nikautoa, na nilisema kwa mdomo huu kwamba wajukuu zangu hawatasoma kwenye udongo kama nyumba niliyozaliwa mimi. Tuliona aibu. Clement alitupa tulichokitaka. Sasa mkimtaja yeye, mnitaje na mimi."

Mzee Idrissa alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Alisema mfuko wake nao ulikuwemo. Wengine wakainamisha vichwa, na hiyo nayo ilikuwa sauti. Sostenes peke yake aliondoka bila kuaga, akafuata reli mpaka akapotea nyuma ya mabehewa, na hadi leo kwa Rebeka hajakanyaga.

Kazi ilianza wiki ile. Loyce aliwaonyesha namna ya kuondoa saruji bila kuumiza tofali, na jinsi ya kuloweka udongo na majani mpaka uchache, uwe tayari kwa kupakwa. Wazee waliokuwa wakiuonea haya udongo walijikuta wanajua mengi, wakabishana kwa raha ambayo hawakuwa nayo tangu msibani. Pale kando ya mlango paliachwa kidogo. Loyce alisema kipande chenye mkono, ukubwa wa sinia, kinaweza kubaki bila kudhuru, kiwe kumbukumbu. Rebeka alikubali haraka. Nani asingekubali? Kila asubuhi alipoleta uji wa mafundi alipitisha vidole vyake kwenye vile vya Clement, akaendelea na kazi.

Kisha Benjamin akafika. Maneno yalikuwa yamemfikia Sekenke kabla ya simu ya mama yake, na maneno yanayosafiri kwa basi hayafiki yakiwa yametulia. Aliingia ghalani na begi bado begani. Aliwaamkia wazee kwa sababu hata hasira haiondoi shikamoo, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, umemzika baba mara ya pili."

"Umekula?"

"Sikuja kula. Zile kuta baba alizijua. Mimi nazijua. Huyo msanifu wenu anazijua kwenye karatasi."

Rebeka aliwatazama watu waliokuwa wameacha kazi. Angeweza kumpeleka mwanawe kwenye ukuta wowote uliokwisha kubanduliwa, lakini kuta zile zilikuwa zimeshapigwa na upepo, zimekauka, na Benjamin angesema mnaona, ni kavu. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo saruji ya Clement ilikuwa bado imeshika. Akaokota nyundo na tindo, akampa.

"Bandua hapa," alisema.

Benjamin aliona alichoonyeshwa, akarudi nyuma. "Siwezi kumpiga baba."

"Basi nipe."

Loyce alitaka kusema kitu. Rebeka akamwinulia mkono. Aliweka tindo juu kidogo ya vidole vya Clement, akagonga. Hakuwa fundi na nyundo iliteleza. Akagonga tena. Kipande kikatoka kizima kama ganda, kikaanguka sakafuni, na kiganja kikapasuka katikati.

Nyuma ya mkono ule ukuta ulikuwa mweusi. Tangu mvua za mwisho ziishe, jua lote lile, upepo wote ule, na udongo ulikuwa bado umelowa. Benjamin alisogea. Alibonyeza kwa kidole, na kidole kikazama mpaka kwenye kiungo cha pili bila kusukumwa. Akakitoa, akatazama tope lililokuwa juu yake, akalisaga na dole gumba namna ileile baba yake alivyokuwa akipima mchanga.

Alitoka hadi barazani, na Rebeka akamsikia akipiga simu, mara ya kwanza haikushika, mara ya pili ikashika.

"Mzee, shikamoo. Ni Benjamin. Ndiyo, fundi. Ile nyumba, watoto wasilale mle tena, wahamishie jikoni hata leo. Hapana, tofali hazina shida." Akamsikiliza mtu wa Sekenke. "Ni lipu, mzee. Ndiyo. Nimeipiga mimi."