Pumzi ya Fundi Cherehani

Kioo cha chumba cha kujaribia nguo kilikuwa na ukungu, na hakuna mteja aliyeingia humo tangu asubuhi. Binti alikifuta kwa kipande cha bitana, ukungu ukarudi. Ndipo alipogeuka na kumwona mama yake amelaza shavu juu ya cherehani, midomo imegeuka kijivu, kifua kimetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Pumzi yake ilikuwa imetoka na kuingia humo chumbani. Binti alivuta pazia, akaipisha. Ikapita polepole ikinuka chaki, ikamrudia mwenyewe. Mama akakohoa, akaendelea na pindo pale alipoishia.

"Ni hivi vidonge vya mgongo," alisema. "Vinalegeza."

Alivipata alipoteguka mgongo kwa kuinua jora zito. Jora hilo lilishashonwa sare, sare zenyewe zilishachakaa, na vidonge bado vilikuwepo: vichache mezani, vingine kwenye kopo la vifungo vyeusi. Binti aliona kopo hilo likifunguliwa hata siku za kushona nguo nyeupe tupu. Aliona pia mama akinyanyua majora bila kuguna, akidhani yuko peke yake. Yeye alikuwa mtu wa "ndiyo, mama."

Siku moja alilificha kopo. Mama akapiga miayo, akalowa jasho, akatapika kwenye ndoo ya vitambaa, na miguu ikamtetemeka hata cherehani ikawa inashona hewa.

"Mwanangu, unaniua," alisema.

Binti akalirudisha kopo mahali pake. Kabla jua halijazama pumzi ilitoka tena, safari hii hadi barabarani.

Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeiona. "We binti! Pumzi ya mama yako imepita hapa sasa hivi, hata salamu haikutoa. Imeshika njia ya kwa muuza dawa."

Binti alikimbia akiwa na mfuko wa kuvishia suti. Aliikuta imekaa kwenye benchi la duka la dawa. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa alikuwa amesogea kuipa nafasi.

"Mama hajambo?" muuza dawa aliuliza bila kuinua macho. "Mpelekee hivi. Vina nguvu kuliko vya mwanzo. Ndiye mteja wangu mwaminifu."

Binti alitaka kumuuliza cheti cha daktari kiko wapi. Alitaka kumuuliza kwa nini pumzi ya mtu inaijua njia ya hapa kuliko ya nyumbani. Badala yake alisema, "Asante, mjomba," akatia kifurushi mfukoni mwa gauni lake. Akaikusanya pumzi ndani ya mfuko wa suti, akaukunja mdomo wake na kurudi mbio.

Mama alikuwa ameanza kupoa. Binti alimfungulia mfuko usoni. Pumzi ilisitasita mlangoni pa midomo, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba, kisha ikaingia.

Mama akafumbua macho. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa gauni la binti, ukatoka na kifurushi.

"Nilisinzia kidogo tu," alisema, akibandua vidonge. "Niletee maji."

Binti akaleta maji. Akasimama ameshika kikombe, mama amekinga mkono.

"Hukusinzia, mama," alisema. "Ulikufa. Unakufa kila siku, mimi nakurudisha, na siku nitakayochelewa watasema ni mgongo."